Lambo Lifungwe kwa Wavu, Lifunguliwe kwa Ndoana



Malambo yetu si ya maji matupu. Si machache yaliyo na samaki ndani yake, tilapia hasa, ambao wengine huwaita ngege, na pengine kambare. Wanaojua habari hii vizuri kuliko wengine ni vijana wanaokwenda lamboni usiku na chandarua cha mbu kilichofungwa kwenye miti miwili. Wawili huingia majini mpaka kifuani, hukokota chandarua toka upande huu hata upande ule, na saa moja baadaye kazi imekwisha. Asubuhi akina mama wakija kuteka maji hukuta tope limetibuliwa, ukingo umeporomoka mahali palipopandiwa, na visamaki vya ukubwa wa kidole vimetupwa juani kwa sababu wezi hawakuona faida ya kuvibeba. Kamati ya lambo huitwa. Maneno huwa mengi, fulani hushukiwa, baba yake hukasirika, kisha watu hurudi makwao. Baada ya mwezi mmoja mambo huwa yale yale.

Mimi naona ugomvi huu hautakwisha kwa kuweka mlinzi, maana mlinzi ana ndugu, na ndugu wana njaa. Utakwisha siku samaki wa lambo watakapokuwa na siku yao inayojulikana na watu wote, na bei inayojulikana, na kitabu cha kuandikia. Yaani lambo lifungwe kwa wavu mwaka mzima, na lifunguliwe kwa ndoana siku moja kila mwezi katika miezi inayofaa, kila avuaye alipe kidogo, na fedha hizo zitengeneze ukuta. Hayo ndiyo maoni yangu, na nitaeleza sababu zake, kwa kuwa najua wako watakaosema kwamba kuvua kwa ndoana ni mchezo wa watoto na wazungu.

Kwanza tutazame jinsi wenzetu wa mbali wafanyavyo. Huko Marekani wakulima wengi wana maziwa madogo katika mashamba yao, yaliyochimbwa au kuzibwa kwa ukuta wa udongo kama malambo yetu. Mwenye ziwa huruhusu watu wachache waje siku moja, pengine jamaa zake, pengine wageni wanaolipa. Samaki wanaotafutwa ni wa aina mbili zaidi ya nyingine. Mmoja huitwa besi, samaki mwenye mdomo mkubwa, mkali, ambaye chakula chake ni samaki wenzake. Wa pili huitwa krapi, mpana na mwembamba, nyama yake nyeupe na tamu sana kukaangwa. Alfajiri wavuvi humtafuta besi kandokando ya majani ya ukingoni, ambako huotea visamaki. Jua likipanda huhamia penye miti iliyozama, kwa kuwa krapi hukaa kwa makundi katika matawi yake. Jioni huhesabu walichopata. Na hapa ndipo penye jambo la kutushangaza: mara nyingi besi wakubwa hurudishwa majini wakiwa hai, na krapi, hata wale wadogo wadogo, huingia kapuni.

Mtu akisikia hivyo aweza kudhani watu hawa wana wazimu, kumwachilia mkubwa na kumchukua mdogo. Lakini wana hesabu yao. Katika miaka ya 1930 mtaalamu mmoja aitwaye Homer Swingle, wa chuo cha Auburn katika jimbo la Alabama, alianza kuchunguza maziwa ya mashambani. Alitia samaki, akangoja, kisha akakausha maji na kupima uzito wa wote waliokuwamo. Aliona kwamba kila ziwa lina uzito wake wa samaki liwezao kulisha, kwa kadiri ya rutuba ya maji, na uzito huo haubadiliki sana hata idadi ya samaki ikibadilika. Ukiwa na samaki mia, watakuwa wakubwa. Ukiwa na samaki elfu kumi katika maji yale yale, kila mmoja atakuwa kama jani la mwembe, na utalaumu mbegu bure. Kwa hiyo aliwafundisha wakulima kuweka pamoja samaki mzaaji sana na samaki mla wenzake, ili huyu ampunguze yule. Besi ndiye aliyefanya kazi ya kupunguza. Ndiyo sababu wamrudisha majini: ni askari wao. Na krapi, ambaye katika ziwa dogo huzaana mpaka wote wadumae, ndiye wa kuvuliwa bila huruma.

Hakuna watu duniani wanaopaswa kuielewa habari hii upesi kuliko sisi wa Ukambani. Lambo ni malisho. Malisho ya ng'ombe kumi ukiyatia ng'ombe arobaini hupati ng'ombe arobaini, wapata mifupa arobaini. Najua kwamba neno la kupunguza mifugo lina uchungu katika nchi hii. Mwaka 1938 Serikali ya kikoloni iliwanyang'anya watu ng'ombe wao kwa jina la kuhifadhi udongo na kuwauza kwa bei ya bure, na Muindi Mbingu akawaongoza maelfu ya watu mpaka Nairobi kudai haki. Ng'ombe waliobaki walirudishwa, lakini yeye mwenyewe alipelekwa kizuizini Lamu. Hata wale waliohamia Makueni baadaye, vichaka vyenye mbung'o vilipofyekwa na watu kugawiwa mashamba, waliwekewa masharti ya mifugo na ya matuta. Basi sishangai mzee akikunja uso asikiapo neno hilo. Lakini samaki si ng'ombe wa mahari. Hakuna mtu wa mnada atakayekuja kuwachukua. Anayewapunguza ni wewe na mtoto wako, na wakipunguzwa huenda sufuriani mwako.

Krapi wetu ni tilapia. Huzaa akiwa na umri wa miezi michache tu katika maji ya joto, na tilapia wa Nile anayeuzwa na wakuza vifaranga wengi hulea mayai yake mdomoni, mama huyabeba mpaka watoto waweze kuogelea. Kwa hiyo wengi hupona, na baada ya mwaka lambo limejaa vitoto, mama, nyanya na vitukuu, wote wa kimo kimoja. Mwenye lambo husema samaki hawa ni wa aina mbaya. Si kweli, ni njaa tu. Na askari wetu, atakayefanya kazi ya besi, ni kambare. Tukimtia kambare mdogo baada ya tilapia kukua kidogo, hawezi kuwameza wazazi, bali atakula watoto wao. Ukimtia mkubwa mapema atakumalizia wote, ubaki na kambare mmoja mnene na lambo kimya.

Kwa hiyo sheria ya siku ya ndoana ni kinyume cha vile wengi wanavyofikiri. Tilapia mdogo aliyedumaa asirudishwe majini. Aende kapuni, akakaangwe mzima mzima mpaka mfupa uwe kama chenga, ni chakula kizuri kwa watoto. Tilapia mkubwa naye achukuliwe, ndiye wa kuuza. Lakini kambare arudishwe mpaka kamati itakaposema wamezidi. Jambo hili litakuwa gumu, nakiri, kwa kuwa kambare mzima wa kilo mbili akining'inia kwenye mshipi si rahisi mtu kumwambia nenda salama. Hapo ndipo kamati itakapojulikana kama ni kamati.

Wako watakaouliza: kama besi ni hodari hivyo, mbona tusimlete huyo huyo? Jibu liko Naivasha. Besi alitiwa katika ziwa hilo mwaka 1929 ili watu wapate mchezo wa kuvua. Kulikuwa na kisamaki kidogo cha asili cha ziwa lile, hakikupatikana mahali pengine po pote. Mara ya mwisho kuonekana ilikuwa 1962, na wataalamu wengi wamlaumu besi. Ziwa lile halina mto wa kutoka juu ya ardhi, walakini madhara yalitokea. Malambo yetu yako juu ya vijito vinavyoshuka Athi na Tiva na Tana. Mvua ya Novemba ikinyesha kwa nguvu, maji hupita kwenye mfereji wa kumwagia, na samaki hupita nayo. Mito ya Athi na Tana ina tilapia wake wa asili, aliyezoea maji yetu ya tope tangu zamani, na sioni akili ya kumwachilia mgeni mwenye mdomo kama mfuko katikati yao. Tena sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 hairuhusu mtu kuleta samaki hai wa kigeni bila idhini. Hata tilapia wa Nile afikiriwe vizuri kwa lambo lililo juu ya mto, kwa sababu aweza kuzaa na yule wa asili na kumchafulia ukoo. Ulizeni kwanza Bwana Samaki wa kaunti yenu, naye ndiye wa kusema ni mbegu gani ifaayo mahali gani.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapo ndipo mipango mingi ya samaki ilipovunjika katika nchi kavu. Kuanzia mwaka 1948 kumekuwa na kituo cha samaki Sagana, na katika miaka ya 1960 Serikali iliwahimiza watu wale samaki zaidi na wachimbe vidimbwi. Watu walichimba vingi sana. Baadaye vingi viliachwa, vikamea nyasi. Mwaka 2009 ulikuja mpango wa kuchangamsha uchumi, wa vidimbwi 200 katika kila jimbo la uchaguzi lililochaguliwa, kila kimoja cha mita za mraba 300 na vifaranga 1,000. Palipokuwa na maji ya kudumu baadhi ya watu walifaulu. Palipokuwa pakavu wengi walijikuta wakibeba maji kwa punda ili wamwagilie samaki. Kwangu mimi somo la mambo hayo ni rahisi: katika Kitui na Makueni tusichimbe maji kwa ajili ya samaki, bali tutie samaki katika maji ambayo tumekwisha yachimba kwa ajili ya ng'ombe na bustani.

Na maji hayo tuyajue tabia. Jua na upepo wa upande wetu huweza kunywa karibu kina cha mita mbili kwa mwaka, mbali na yale yanayonyweshwa mifugo na yanayopotea ardhini. Lambo lisilofika mita tatu penye kina kirefu halitavuka Oktoba. Lakini si sababu ya kulidharau. Mvua yetu ya kutegemewa ni ile ya Novemba na Desemba, kuliko ile ya Machi na Aprili ambayo hutudanganya mara kwa mara. Ukitia vifaranga mwezi wa Desemba maji yakiwa yametulia, una miezi minane au tisa kabla ya lambo kukauka, na tilapia aliyepata chakula huwa wa kuliwa katika muda huo. Lambo linalokauka lina faida moja ambayo lambo la kudumu halina: kila mwaka waanza upya, bila vitukuu vilivyodumaa. Nashangaa jambo hili halisemwi sana. Watu huliona lambo kavu kuwa msiba, na kwa ng'ombe ni msiba kweli, bali kwa mfuga samaki ni kama shamba lililovunwa.

Basi mwaka wa lambo waweza kuwa hivi. Desemba vifaranga hutiwa. Toka hapo hata Mei hakuna ndoana wala mshipi, samaki wakue. Juni siku ya kwanza ya kuvua, halafu Julai, halafu Agosti. Julai katika vilima vya Mbooni na Kilungu maji huwa baridi na samaki hula kidogo, kwa hiyo wa huko wasivunjike moyo wakipata wachache. Septemba, maji yakiwa yamefika magotini, ndipo wavu wa halali huingia, mchana, mbele ya kamati na watu wote, samaki wote wakatolewa na kugawanywa au kuuzwa. Wazazi wachache wahifadhiwe katika kisima kidogo cha mtu mwenye maji ya kudumu. Maana ya kungoja mpaka wafe wenyewe na kunuka ni nini? Kila mwaka twaona korongo na mwari wakila karamu ambayo sisi tuliichimbia shimo.

Kuhusu siku yenyewe ya ndoana, haihitaji vyombo vya ghali. Ufito wa mwanzi au wa mti mnyoofu, mshipi wa nailoni wa urefu wa hatua tano, kipande cha gunzi kiwe boya, chubwi kidogo, na ndoana ndogo isiyozidi punje ya hindi, kwa sababu mdomo wa tilapia ni mdogo na wengi hukosa samaki kwa kutumia ndoana ya kuvulia papa. Chambo ni nyungunyungu wa chini ya mgomba, au ugali uliokandwa ukashikana. Tilapia hula asubuhi jua likiwa limeanza kupasha maji. Kambare hula jioni na maji yakiwa na tope, naye apenda matumbo ya kuku. Wavuaji wakae upande mmoja wa lambo, mbali na ukuta, wasiukanyage, na mbali na mahali pa kutekea maji. Mifugo siku hiyo inyweshwe alasiri. Kama lambo limezungushiwa miiba na maji huvutwa kwa bomba mpaka birikani, kama ipasavyo, hata neno hilo halitahitajika.

Fedha tuzihesabu bila kujidanganya. Tuseme watu 20 waje, kila mmoja alipe shilingi 200 na awe na haki ya samaki kumi. Zaidi ya hapo alipe kwa kila mmoja. Hizo ni shilingi 4,000 kwa siku, na kwa siku tatu za mwaka ni 12,000. Si mali. Haiwezi kumjengea mtu nyumba. Lakini yaweza kununua saruji ya kutengeneza mfereji wa kumwagia maji uliobomoka, au kuwalipa vijana wazoe tope lililojaa, kazi ambayo kila kamati husema itafanyika fedha zikipatikana. Zaidi ya fedha, kuna jambo la watu ishirini wenye macho. Mtu aliyelipa shilingi 200 mwezi wa Juni na anayetaka kurudi Julai hatamwacha jirani yake aingie usiku na chandarua. Huyo ndiye mlinzi niliyesema hatupatikani kumwajiri.

Wengine hupenda kuota kwamba watalii watakuja, kwa sababu barabara ya Mombasa yapita kwetu, na reli mpya tangu 2017 ina vituo vya Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Wakija, karibu. Walakini wateja wa kwanza watakuwa walimu wa shule iliyo karibu, waendesha bodaboda wa Wote na Mwingi, na mtoto wako aliyekuja likizo toka Nairobi ambaye hajui la kufanya na mikono yake. Hao ndio wa kuwapangia. Mwenye kujenga vibanda vya wageni kabla ya kuhesabu samaki wake ataishia kulala mwenyewe katika vibanda hivyo.

Yako mambo mawili ya hatari ambayo kamati isiyapitie mbio. La kwanza ni kichocho. Konokono wanaobeba ugonjwa huu hupenda ukingo wa maji yaliyosimama yenye majani, na mdudu huingia mwilini kwa ngozi ya mtu aliyesimama majini. Chandarua cha usiku humwingiza kijana mpaka kifuani, ndoana humwacha mguu mkavu juu ya ukingo. Kwa sababu hii peke yake ningeichagua ndoana hata kama ingekamata nusu tu. Majani ya ukingoni yafyekwe penye kuvulia, na mtoto anayekojoa damu apelekwe zahanati, dawa iko. La pili ni kuzama. Kila mwaka watoto hufa katika malambo, na siku ya kuvua huleta watoto wengi mahali pamoja. Kamba ndefu na mpira wa ndani wa gurudumu la gari uliojazwa upepo viwekwe karibu, na mtu mzima anayejua kuogelea asivue siku hiyo, kazi yake iwe kutazama.

Najua hoja zitakazotolewa barazani. Mmoja atasema samaki watachafua maji ya ng'ombe. Hawachafui, tena hula viluwiluwi vya mbu. Utafiti uliotangazwa 2007 kutoka Kisii ulionyesha kwamba tilapia waliotiwa katika vidimbwi vilivyoachwa walipunguza viluwiluwi vya mbu wa malaria kwa zaidi ya asilimia 94 katika wiki 15. Ila samadi ya kurutubisha maji isitiwe katika lambo la kunywa watu. Hapo samaki wakue polepole kwa chakula cha asili. Mwingine atasema Wakamba si watu wa samaki. Maneno hayo yalikuwa na ukweli zamani. Siku hizi nenda sokoni utazame akina mama wanaouza samaki wa kukaanga jioni, uone sahani inabaki na wangapi. Tena muthokoi na samaki mdogo wa kukaanga havigombani.

Hoja ngumu ni ya tatu: samaki ni wa nani? Lambo la skimu lilichimbwa kwa mikono ya wote, lakini linakaa karibu na shamba la mtu mmoja, na wengine wamekwisha hamia mbali, na wengine waliuza mashamba yao kwa watu ambao hawakuchimba. Sitajifanya kwamba barua ya gazetini itaikata kesi hiyo. Nasema tu kwamba iamuliwe kabla ya vifaranga kutiwa. Lambo tupu lina maneno machache kuliko lambo lenye samaki. Iandikwe katika kitabu kwamba maji ya kunywa ni ya wote bila malipo, na samaki ni wa kamati kwa niaba ya wote, na mwenye shamba la jirani apewe heshima yake, kama vile kuvua bure. Wanawake wawe ndani ya kamati hiyo na si wawili wa kupamba kiti, kwa maana wao ndio wafikao lamboni kila siku na ndio wa kwanza kuona nyayo za usiku.

Na yule mkulima aliyechimba lambo lake mwenyewe ndani ya shamba lake ana njia nyepesi zaidi. Hana kamati ya kungoja. Aweza kuwaita watu watano kila Jumamosi, akawapikia chai, akajipatia riziki. Lakini akiwa ameziba kijito na si maji ya mvua ya shamba lake tu, awe na kibali cha mamlaka ya rasilimali za maji, na awakumbuke walio chini yake. Lambo la mtu binafsi linalomnyima jirani maji ya Septemba halitakuwa na amani, wala samaki wake.

Mwenye nia asingoje Desemba ndipo aanze kutafuta vifaranga, kwa sababu mwezi huo kila mtu huwataka, na wauzaji wengine huchanganya vilivyodumaa vya miezi sita wakaviita vichanga. Oda ipelekwe Septemba au Oktoba, katika ofisi ya samaki ya kaunti au Sagana, mkitaja upana wa lambo, kina chake wakati wa ukame, na kama maji yake hushuka mtoni. Vifaranga vibebwe alfajiri, mfuko ukiwa na hewa, na kabla ya kuvimwaga uacheni mfuko uelee lamboni kama nusu saa mpaka maji ya ndani na ya nje yawe na joto moja.